Mchezo Wako na Salamu Nilizozifuta

Rafiki yangu Mgaya,

Ninakuandikia kwa kalamu ya wino, ile uliyosema imenuna kama mimi mwenyewe. Kaburi lako limefyekwa, na mkeo, Mama Neema, amepanda maua meupe upande wa kichwa. Lakini sikukaa mezani leo ili nikupe habari za maua. Nimekuja kukiri kosa.

Unaikumbuka Jumamosi ya kwanza katika ukumbi wa parokia, hapa Njombe? Ulitandaza ramani uliyoichora nyuma ya kalenda, ukaweka dadu mbili ulizochonga kwa mti wa muwati, kisha ukatuambia kila mmoja achague atakuwa nani. Mimi, mwalimu wa sarufi, nikawa mchuuzi wa viazi kutoka Ipelele anayeshuka Lupingu, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kutafuta samaki. Hamadi, dereva wa lori wa Makambako, akachagua kuwa muuguzi. "Muuguzi gani huyu mwenye ndevu!" ulisema, naye akanuna. Wewe ulisimulia njia, sisi tukasema tunachofanya, na dadu ziliamua pale tu palipokuwa na shaka. Sheria yako moja ilikuwa ngumu: anayekutana na mtu njiani hatupi dadu kabla hajamsalimu kwa "kamwene" ya kwetu, akauliza habari za nyumbani kwake, akasubiri jibu.

"Sheria hii inafukuza watu," nilikuambia. Tulikuwa wanne tu. Tangu serikali ilipofungua milango ya bidhaa za nje, maduka ya Makambako yalikuwa yamejaa michezo ya maboksi, na vijana waliizunguka. Nilikuuliza kama mchezo mzuri unaweza kukosa watu. Ukanijibu, "Mwalimu, na darasa lako la ushairi lilikuwa na wangapi?" Sikukubali.

Ulipolazwa hospitali ya Tandala, uliniachia ramani na sheria. Nikafuta salamu. Nilizipiga mstari mwekundu, kama katika insha mbovu. Jumamosi ya tatu, watu walikaa hadi madirishani. Nikaja mbio kwako, nikaingia wodini nikisema, "Mgaya, watu arobaini!"

Uliniangalia. "Hata hujanisalimu," ulisema.

Nilicheka, nikaendelea kukueleza jinsi viti vilivyopungua. Siku tano baadaye nilibeba jeneza lako.

Ukumbi uliendelea kujaa. Lakini nilisikia dadu tu. Dadu, kelele, dadu. Hakuna aliyejua mvuvi wa Lupingu ana watoto wangapi. Hamadi akaacha kuja. Nilimfuata Makambako, kwenye maegesho ya malori, nikaanza kumkaripia kwa utoro. "Shikamoo, Mwalimu," alinikatiza, akifuta grisi mikononi. "Zamani nilikuwa nafika Lupingu. Siku hizi nafika mwisho wa ramani, basi."

Wakati huohuo mwenye duka la vitabu alitaka kuuchapa mchezo huo usio na salamu, ndani ya boksi, jina lako juu yake. "Mwalimu, kitu kibaya kingejaza ukumbi?" aliniuliza. Swali hilo lilikuwa langu kabla halijawa lake, kwa hiyo nilirudi nalo nyumbani kulipima. Wingi wa watu ulionyesha kwamba mchezo ulikuwa mwepesi kuingia. Haukuonyesha mchezo huo una nini ndani. Wala uchache wetu haukuwa ushahidi. Tungeweza kuwa wanne na wajinga. Ushahidi wangu ni Hamadi, anayeililia Lupingu ambayo hajawahi kuiona kwa macho.

Nilimwandikia mwenye duka: salamu zirudi, au jina la Mgaya lisiwepo. Alijibu kwamba hana wateja wa mchezo wa kuulizana habari. Nilimsomea Mama Neema barua hiyo. Akasema, "Basi abaki na maboksi yake."

Jumamosi iliyopita nilisimama ukumbini nikasoma sheria zako zote. Wengi walitoka kabla sijamaliza. Mmoja akasema kwa sauti kwamba mzee anataka kuwarudisha shuleni. Nikaendelea kusoma. Tulibaki sita, pamoja na muuguzi mwenye ndevu. Kufikia jioni hatukuwa tumepita hata daraja la kwanza kwenye ramani, na hakuna aliyetazama saa.

Ninakuahidi: mchezo utachezwa ulivyouacha, tukiwa sita au tukiwa sitini. Maadamu ninaweza kusimama, hakuna atakayeshika kalamu nyekundu juu yake, na wa kwanza kuzuiwa ni mimi.

Kwa heri, rafiki yangu. Sasa pokea nilichokunyima wodini.

Kamwene, Mgaya. Habari za huko nyumbani?

Sina haraka.

Mwalimu