Njuga ya Kusikilizia Pumzi

Mabukwe, mama mkwe wangu,

Salamu zikufikie huko uliko. Sisi huku Kasulu ni wazima, baridi tu ndiyo inatusumbua. Siku tuliyokuzika Nyakitonto nilikaa upande wa wanaume, nyuma kabisa, kama mkwe anavyotakiwa, na sikukuaga. Ulipokuwa hai sikuthubutu kukutazama usoni wala kula nawe. Neno lako likinihusu lilipitia kwa Leokadia: "Mwambie mumeo kuni zimekwisha," nami nimesimama hapo hapo nasikia. Kumwandikia mkwe sijasikia kama ni mwiko. Kama ni mwiko, nisamehe, lakini shukrani imenijaa kifuani na lazima niitoe.

Hali yetu uliijua. Mtoto wetu wa kwanza alilala mzima, ameshiba, na asubuhi tukamkuta wa baridi. Mkunga wa zahanati alituambia wengine huondoka hivyo, si kosa la mtu. Tuliitikia, ila mioyo haikukubali. Alipozaliwa Bahati, mimi na binti yako tukawa watu wa kuinama tu. Akilala tunainama, tunaweka kiganja puani, tunashika unyoya wa kuku karibu na mdomo tuone kama unatikisika. Tulilala kwa zamu, na mwenye zamu ya kulala halali.

Basi mimi fundi baiskeli nikajifanya fundi wa kila kitu. Nilichukua njuga ndogo, nikaining'iniza kwenye spoku niliyoikunja na kuifunga kitandani, nikashusha uzi mpaka kwenye mkanda wa kitambaa tumboni mwa mtoto. Akivuta pumzi tumbo linapanda, njuga inasema che. Akiitoa, che. Nilijivuna kweli. Wewe ulikuwa umeshafika na mkungu wako wa ndizi kumtunza mwanao kwenye uzazi. Uliitazama ile njuga, ukarudi jikoni.

Tulidhani sasa tutalala. Kumbe tumejiletea kazi: ikilia hatulali kwa kelele, ikinyamaza hatulali kwa hofu. Leokadia akakonda, maziwa yakaanza kukauka, mtoto akawa analia njaa. Akilia anarusha miguu, uzi unachomoka, na njuga kimya. Nilianza kuona nitampoteza mtoto wa pili, na mama yake juu.

Alasiri ile unaikumbuka. Uzi ulichomoka mtoto akiwa usingizini, njuga ikanyamaza, na Leokadia akapiga yowe moja. Majirani walijua yaliyotupata mwanzo, kwa hiyo hawakuuliza. Kina mama waliingia wamejifunga khanga viunoni, wanalia. Jirani wa bondeni alikuja na jembe begani. Mzee Salumu alifunga duka akaja na bafta nyeupe ya sanda kwapani, Mungu amlipe kwa wema wake. Wakamkuta Bahati mikononi mwangu anapiga miayo.

Hapo ndipo ulipotoka jikoni. Ulipita katikati ya watu ukasimama mbele yangu, ukanitazama, ukasema na mimi mwenyewe, si na ukuta wala na mwanao: "Mkwe, umwana, huyu mtoto, ni mzima. Wagonjwa ni ninyi wawili." Kina mama waliacha kulia, na nadhani walishtushwa na hilo kuliko na msiba waliokuwa wameujia. Mimi nikatazama chini, sina pa kujificha. Ukakata uzi kwa meno. "Hii njuga haizuii kifo. Mimi nami nimezika wangu, na ningekuwa nayo ningewazika vilevile. Inazuia usingizi tu. Nendeni mkalale, huyu atakaa mgongoni kwangu."

Ukamfunga mgongoni, ukarudi kwenye maharage yako. Sisi tukalala mpaka jioni, hata viatu sikuvua.

Tangu siku hiyo ulimbeba. Ukipalilia yupo, ukitwanga yupo, ukiteka maji yupo. Leokadia alikuuliza unajuaje kama anapumua, ukamwambia mgongo unajua, na mgongo usipojua Mungu anajua. Hukumdanganya kwamba hakuna baya litakalompata. Labda ndiyo maana alikuamini. Maziwa yalirudi. Ulikaa nasi mpaka mtoto alipoweza kukaa mwenyewe, kisha ukaenda zako Nyakitonto bila kuniaga, na hukusema na mimi tena. Sikukudai zaidi.

Mengi yamebadilika, Mabukwe. Bahati ameanza darasa la kwanza na meno ya mbele yameng'oka. Watu wa kwenu wamehamishiwa kwenye kijiji kipya kando ya barabara, kaburi lako limebaki kule migombani, lakini Leokadia huenda kulipalilia. Na tumepata binti. Mwanao amempa jina lako, na hapo amenitia kitanzini, maana jina la mkwe halitamkwi. Mtoto wangu mwenyewe namwita "huyu mama", na mwanao anacheka mpaka anashika mbavu. Mwanao akienda shamba, mtoto namfunga mgongoni mimi, hapo hapo kwenye baiskeli za watu. Wateja wananiuliza, "Fundi, umejifungua lini?" Nawaambia wangoje, zamu yao inakuja.

Hofu haijaisha, sikufichi. Majuzi nilijikuta nimeshika spoku naikunja, na hakuna baiskeli iliyoihitaji. Nikaiweka chini, nikakaa, nikakukumbuka, machozi yakanitoka mchana kweupe.

Leo ni Jumapili, tumetoka kanisani, tumekula. Mtoto amelala chumba cha ndani na mama yake. Kimya. Tangu nianze barua hii nimeinuka mara moja, nikafika mlangoni, nikasimama. Kisha nikarudi bila kulifunua pazia.

Asante, Mabukwe. Asante kwa mgongo wako. Asante kwa kuvunja desturi mbele ya watu kwa ajili ya mkwe aliyekuwa amechanganyikiwa. Nakuahidi sitamwamsha mtoto aliyelala ili anitoe mimi wasiwasi. Pumzika kwa amani. Naweka kalamu, naingia nikalale kando yao.

Mkweo,
Baba Bahati