Maneno Niliyomficha Mama kwa Daktari wa Meno

Jumamosi, kijijini Susuni. Mvua imekatika tangu asubuhi lakini sina uso wa kutoka nje.

Jino limetoka. Halikung'olewa na mtu, limetoka lenyewe nikitafuna ugali wa mtama, Mama akiniangalia.

Ni lile la mbele, lililong'oka kwa kupigwa na mpini wa jembe kwenye shamba la kijiji mwezi uliopita. Mama alilitia kwenye kibuyu cha maziwa, tukakimbilia hospitali ya misheni. Daktari wa meno, mama mmoja Mzungu, akalirudisha mahali pake na kulifunga kwa waya. Hajui Kiswahili. Nikawa mkalimani mimi wa kidato cha pili, kifua mbele.

Alisema jino lililorudishwa hushindwa kushika kwa uchafu, kwa kutafunia vitu vigumu, kwa tumbaku, na kwa kunyonya mrija kabla kidonda hakijafunga. Akaniuliza kama navuta sigara. Nikakiri, mara mojamoja.

"Amesema nini?" Mama akauliza.

"Anauliza kama napiga mswaki."

"Mwambie kila asubuhi! Mwambie watoto wangu mimi siyo wachafu!"

Nikamwambia daktari kwamba Mama anashukuru.

Sigara na mrija sikuvitafsiri.

Haikupita wiki, kwa baba mdogo kukawa na pombe ya mtama. Nimetahiriwa mwaka huu, hivyo kwa mara ya kwanza nilipewa mrija wangu, nikae na wanaume kuzunguka chungu. Nikasitasita.

"Msomi anaogopa!" baba mdogo akacheka. "Mleteeni uji, huyu bado wa mama yake."

Nikanyonya. Nikanyonya kuliko wote. Baadaye sigara nayo ikapita, sikuiacha. Fizi ikavimba, ikaanza kutoa usaha, waya ukalegea, na mimi nikafunga mdomo nisionekane.

Leo Mama alikuwa uani na jirani yetu, Mama Ghati. Mtoto wake Ghati taya limevimba mpaka jicho limejifumba. Walikuwa waende hospitali Jumatatu.

"Yule Mzungu hajui kazi," Mama akamwambia. "Jino la mwanangu ameliharibu. Usimpeleke mtoto pale."

"Basi haendi. Nitamkanda kwa majani."

Nilikuwa mlangoni, ulimi kwenye pengo. Nikarudi ndani, nikachukua daftari hili.

Nina lugha mbili, na zote nimezitumia kudanganya.

Mama akijua, sijui ataanza na fimbo au na machozi. Heri fimbo. Na wale wa chunguni watapata cha kucheka mpaka mavuno.

Lakini moshi umeanza kutoka jikoni kwa Mama Ghati, majani yanachemshwa. Nikingoja mpaka Jumatatu nitakuwa nimepata sababu nyingine ya kunyamaza. Naiweka kalamu chini. Nakwenda kwake kwanza, halafu kwa Mama.