Gari la Baba Lashuka Pwani

Mombasa, 11 Februari 2024

Baba,

Tik. Kimya. Tik-tik. Leo mtambo mmoja wa kiwandani ulizimwa, na ulipoanza kupoa nikasikia ule mlio wa injini ya gari letu baada ya mashindano. Nilisimama pale hadi msimamizi akaniuliza kama ninasali.

Nisamehe, nimeruka salamu. Chamgei? Kikohozi kimepungua? Magoti ya Mama je? Mimi ni mzima, ila joto la huku linanipika polepole.

Unakumbuka ulivyokuwa huruhusu mtu kuligusa gari mpaka linyamaze? "Chuma ikiwa moto inadanganya," ulisema. Tulikaa nyuma ya nyumba, wewe juu ya ndoo, mimi juu ya gurudumu, tukingoja. Ndipo ukafungua valvu na kupitisha kile kibati chembamba cha kupimia nafasi. Kila nati uliyoikaza uliniachia niitie tone la rangi nyekundu ya kucha ya Mama. Nati yenye rangi ilikuwa imefungwa na wewe, Kibii mwenyewe, na hakuna aliyeigusa tena. Wasichana wenzangu walipaka kucha. Mimi nilipaka injini.

Sasa Mama ananiambia unataka kumpa Bwana Kosgei gari hilo, aliweke langoni mwa hoteli yake ya Njoro na kupanda maua pale penye injini. Gari la fomula, Baba! Kiti kimoja, magurudumu nje, ulilolichomelea bomba kwa bomba kabla sijazaliwa. Ni kweli? Nakuomba usimpe kwanza.

Binti yako,
Chepkurui

*

Section 58, Nakuru, 3 Machi 2024

Chepkurui mama,

Tuko salama kwa neema ya Mungu. Kikohozi kimeenda. Masikio ndiyo hayarudi, injini ziliyamaliza. Asante kwa kuandika, kwa sababu simu naisikia tu kama nyuki ndani ya debe.

Ni kweli. Mikono inatetemeka. Juzi nilijaribu kupima valvu, kibati kikacheza kama jani. Mama yako alichungulia akasema, "Kibii, hiyo gari ilikula ujana wangu, sasa inakula uzee wako. Wacha iende ikabebe maua." Nilicheka. Halafu nikakaa nayo huko nyuma mpaka chai ikapoa.

Kosgei si mtu mbaya. Watoto watapigwa picha wakiwa wameikalia. Ni afadhali kuliko ioze.

Lakini Juni kuna mashindano huko kwenu, kwa uwanja wa ndege wa zamani. Kiplimo ameomba kuikimbiza mara ya mwisho, na dereva aliyenivumilia hivyo siwezi kumnyima. Nimeifunga yote mwenyewe, polepole. Hata rangi nimeweka mwenyewe, ingawa imemwagika kidogo. Uende uione. Ikimaliza, Kosgei ataichukua.

Baba yako

*

Mombasa, 16 Juni 2024

Baba mpendwa,

Natumaini mmeamka vyema. Mimi na Kiplimo hatujaumia, naanza na hilo. Nataka uyasikie mengine kutoka kwangu kabla hujaambiwa na watu.

Gari liliongoza. Lilipita mbele yetu likilia vile vile, na mzee mmoja asiyenijua akanishika mkono akasema, "Hiyo imefungwa na mtu." Kisha likatoa moshi, likanyamaza lenyewe katikati ya lami. Pistoni moja imetoboka.

Ni jeti ya kabureta, kile kitundu cha kupitisha petroli. Hewa ya Nakuru ni nyepesi, kwa hiyo tundu lako la petroli ni dogo, na kwa huko ni sawa kabisa. Hewa ya huku baharini ni nzito. Tundu lile lile liliinyima injini petroli, ikawaka moto kupita kiasi. Wewe hukuwahi kulishusha gari hili Pwani.

Asubuhi, kabla ya mashindano, nilimuuliza Kiplimo, "Jeti mmebadilisha?"

"Ya nini? Si iko na rangi ya Mzee?"

"Rangi haijui tumeshuka Pwani."

"Basi mpigie Mzee."

Tulijua wote kwamba husikii simu, na Mama alikuwa kanisani. Nikachukua spana. Akasimama kati yangu na injini. "Injinia, ukivunja rangi ya baba yako, mimi siingii humu ndani. Tafuta dereva mwingine." Mafundi wa timu ya jirani wakacheka: "Hawa watu wa milimani wanaabudu nati!" Kiplimo hakucheka. Nikaweka spana chini.

Nimelileta gari kwangu. Niandikie, Baba.

Chepkurui wako

*

Mombasa, 4 Agosti 2024

Baba,

Hujambo? Mama amenithibitishia kwamba barua yangu ilifika, na kwamba siku hizi unapita mlango wa mbele ili usione ile nafasi tupu nyuma ya nyumba.

Sikukasirikii. Nilidhani nimeandika hivyo. Nimeisoma tena nakala niliyobaki nayo na kuona niliandika kama fundi mitambo, sababu na matokeo tu. Nilipaswa kuandika kama mtoto wako.

Chepkurui

*

Section 58, 18 Agosti 2024

Chepkurui mama,

Salamu. Tunaendelea.

Hukukosea. Tangu nijue kushika spana sijawahi kuua injini, na hii nimeiua nikiwa nimekaa nyumbani. Kijana Kiplimo angeweza kuchomeka ndani, kwa sababu ya heshima yangu. Usinifariji.

Lori ya Kosgei inaleta viazi soko la Kongowea huko kwenu wiki ya kwanza ya mwezi ujao. Wape gari. Kwa maua haihitaji injini.

Baba yako

*

Mombasa, 15 Septemba 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa mikono. Mimi niko salama, nina mafuta hadi kwenye nywele.

Lori la Kosgei lilikuja. Nililirudisha tupu, nikampigia mwenyewe. Akalalamika, "Lakini nimeshachimba mahali pake!" Nikamwambia apande mgomba.

Pistoni nimebadilisha, silinda pia. Valvu nimepima injini ikiwa baridi. Gari lilikimbia vizuri kwa hewa ya huku. Kisha nikaitoa jeti ya Pwani na kuliacha tundu wazi, kwa sababu jeti ya Nakuru unaijua wewe. Hutagusa kibati, Baba. Utaketi, utaniambia, nami nitafunga. Nikiona umekosea nitasema, nawe utanikemea, kisha tutapima tena.

Jana nililipakia kwenye lori jingine. Litafika kwenu Jumanne, nami nina likizo ya mwezi mzima. Mashindano ya Nakuru ni Oktoba na nimeshatuandikisha.

Kuna jambo moja ambalo sikukuomba ruhusa. Nimekata vyuma vya pedali, nikazisogeza nyuma, nikazichomelea hapo. Kiplimo alijaribu kuketi, magoti yakagonga usukani, akatoka akicheka: "Haya dereva, kiti ni chako." Miguu yangu inafika.

Binti yako,
Chepkurui