Mafuta ya Figo na Mama Mkwe wa Afande

Mpendwa Papa,

Ninakuandikia kutoka Mbarara, bado nikiwa na kazi. Naanza na hilo kwa sababu Jumanne sikuwa na hakika nalo.

Nimeikumbuka bucha yako ya kambini Nakivale. Mteja akifika, uliweka kipande cha mafuta ya ng'ombe kwenye kiganja chako, kisha ukamsalimia.

"Batoto banaamuka, mama? Na bwana? Na mama mukwe?"

Mafuta ya kidari yalianza kung'aa na kulainika kabla hujamfikia mama mkwe. Ya figo yalibaki magumu kama mshumaa, hata ukiulizia ukoo mzima. Ndivyo ulivyowaonyesha wateja kipi ni kipi. Mimi, mwanafunzi wa sekondari, nilijificha nyuma ya mlango kwa aibu. Siku moja nilikushauri ununue kipimajoto. Ukaniuliza, "Hiyo kipimajoto yako itasalimia nani?"

Sasa mimi ni karani wa maabara inayochunguza mafuta hayohayo. Daktari hupima ukubwa wa seli zake kwa hadubini, kisha mashine huonyesha asidi zilizomo, zile zinazoyalainisha na zile zinazoyagandisha. Kazi yangu ni kuandika lebo. Jumanne barafu iliyeyuka kwenye sanduku la sampuli, wino wa lebo zangu ukaenda nayo. Zikabaki chupa mbili zisizo na jina, moja ya kidari, moja ya figo. Nami bado niko kwenye miezi ya majaribio, Papa! Nilijiona tayari nikirudi Nakivale na godoro kichwani.

Nikajificha stoo, kipande kimoja kila kiganja. Mara mlango ukafunguliwa. Alikuwa Afande, mlinzi wetu, mwanajeshi mstaafu.

"Wewe nafanya nini hapa?"

Hofu ikanitoa neno la kwanza lililokuwa karibu. "Afande, watoto hawajambo?"

"Watoto iko sawa."

"Na mama watoto?"

"Iko sawa."

"Na mama mkwe?"

Akashusha pumzi. "Huyo alikuja kutembea siku mbili. Sasa ni mwezi." Akaitazama mikono yangu. "Wewe naomba mvua?"

Kiganja cha kushoto kilikuwa kinang'aa. Kidari! Ili kuhakikisha, niliulizia wajomba, shangazi na mbuzi, hadi jamaa zake wakaisha. Hapo akaniuliza yeye, "Na wewe? Mzee iko?"

Nikamwambia ulifariki. Afande akavua kofia. Mimi nikabaki na mikono yangu mbele. Kipande cha mkono wa kulia bado kilikuwa kigumu.

Nilimweleza Daktari kila kitu, maana nilinuka bucha. "Chupa bila lebo tunatupa," alisema. "Kesho utaleta nyingine, na utaandika kwa penseli." Lakini kabla ya kutupa alizipima, kwa udadisi tu. Mashine ilikubaliana nawe.

"Baba yako alitumia kifaa gani?"

"Salamu, Daktari."

Leo asubuhi nimemkuta Daktari getini, kipande cha mafuta kiganjani, akimsalimia Afande. Mama mkwe bado yupo.

Papa, nisamehe ule mlango. Leo ningesimama mbele ya meza yako, kwenye foleni ya akina mama, unishikie mafuta ya figo na kunisalimia hadi yayeyuke.

Ni mimi mwanao,
karani wa penseli