Tarehe Chini ya Kidevu cha Bathsheba

Mwalimu Angwenyi, nimekwama na sina mtu wa kumweleza, naomba unisaidie. Mimi ni mpiga video hapa Suna, na mwaka jana nilirekodi kwaya ya kanisa huko Sindo, Bathsheba akiongoza wimbo, nikaahidi kuipeleka kanda kwenye televisheni Nairobi, lakini kabla sijaipeleka Bathsheba akafa kwa malaria, na kanda nilipoipeleka ikarudishwa, kwanza kwa sababu ni ndogo, nikaihamishia kwenye kanda kubwa wanayotumia wao, ikarudi tena, wakasema hawarushi picha yenye tarehe na saa zilizoandikwa na kamera, na mimi niliziacha chini ya kidevu chake wimbo mzima kwa kuwa wateja wa hapa wasipoziona husema umewauzia sinema ya kukodi, na fundi amesema zimeshika ndani ya picha, hazitoki, na mama yake, Mama Milka, ameshaazima televisheni na betri ya gari, kila akiniona sokoni Sindo ananiuliza, "Nyathina, mwanangu, ni Jumapili ipi?" nami namjibu, "Ijayo, mama," na mwenzangu Cliff ananiambia, "Wacha kulia, boss, sauti tunayo safi kwenye kaseti, mvalishe mdogo wake Dorah joho la Bathsheba achezeshe midomo, nani Nairobi alimjua?" na Dorah, ambaye pia ni mwanakwaya, amekubali, ila nikimwona ndani ya joho lile mikono inakataa kushika kamera. Nifanye nini?

Bonface, Suna, Migori

Bonface,

Pole, ingawa sitakubembeleza. Anayepeleka kazi kituoni huuliza masharti kabla ya kuwasha kamera. Wewe hukuuliza, na sasa uso wa Bathsheba hautaonekana kwenye televisheni kamwe. Lisome neno hilo mpaka likuingie.

Hiyo "ijayo" unayomwambia mama aliyefiwa si kosa la mashine. Ikome leo. Na Cliff anyamaze: Nairobi hawakumjua Bathsheba, lakini atakayeketi mbele ya televisheni ile ni aliyemzaa.

Nenda Sindo kesho. Mweleze Mama Milka nyumbani kwake, mkiwa mmeketi, wala si sokoni. Mwachie kanda yenye tarehe. Yeye hataziangalia tarehe. Akiridhia, na akiridhia tu, irekodi kwaya upya, tarehe ikiwa imezimwa, wakiifuata sauti ya Bathsheba iliyo kwenye kaseti. Dorah asimame mahali pake pa siku zote, ndani ya joho lake mwenyewe. Pale mbele aliposimama dada yake, asisimame mtu.