Nati ya Nne ya Busta

Kahindi, wewe unayetaka kumuoa Purity wangu,

Salamu utapewa na wengine. Huku Shimanzi mvua imenyesha, na paka wa gereji amezaa.

Jana Purity alikuwa akiteremka karibu na Ngome ya Yesu. Akakanyaga breki, na ile busta uliyomfungia, ya kuongezea breki nguvu, ikacheza kwa kulegea. Gari ilisimamishwa na ukuta. Yeye mzima, taa ndiyo imekufa.

Nikaingia chini ya dashibodi, kichwa kwenye pedeli, miguu juu ya kiti kama popo. Mimi busta za malori nimezifungua macho nimefumba, mkono mmoja chai! Nati tatu nikazipata. Ya nne, ile ya juu nyuma ya usukani, hakuna. Mkono wako haukufika, ukapaka gundi. Gundi, Kahindi! Kwani ni kiatu?

Purity ati, "Baba, msamehe, alikuwa na haraka." Haraka ya kumzika nani?

Mahari usilete kwanza. Njoo ulale kichwa chini, uifunge nati hiyo mbele yangu. Kisha utasimama ukutani, Purity aje na gari mbio. Breki zikishika, nitakuita mkwe.

Mimi babake,
Kenga