Hakuna Aliyeijua Njia ya Memphis

Murphysboro, Illinois
Januari 9, 2018

Kwako shemeji Verlin,

Hujambo? Hali ya huko Iowa ikoje? Sisi huku tu wazima, mimi na mke wangu Fern, ila baridi inatutafuna. Bomba la jikoni limeganda mara mbili wiki hii.

Nimekupigia simu tangu Krismasi na hupokei. Najua hujafa, maana jirani yako Bi Opal ananiambia taa ya jikoni kwako inawaka kila siku. Basi nimeona nikuandikie. Nimebeba barua za watu miaka thelathini na moja, na ninachokijua ni kwamba simu mtu ataiacha ilie mpaka ichoke, lakini bahasha yenye jina lake ataifungua tu.

Shabaha yangu ni Memphis. Loreen alikuwa ameshapanga twende Oktoba iliyopita, sote watatu, kila mtu na pikipiki yake, tukale mbavu za nguruwe za kuokwa kwa moshi. Oktoba ikafika na safari ikawa ya makaburini. Alikuwa mke wako lakini alikuwa dada yangu kabla hajakuona, kwa hiyo naomba unisikilize. Nataka twende wawili tuliobaki. Usiniambie kwamba hata hapa Murphysboro wanajua kuchoma. Najua. Nataka za Memphis.

Fern anakusalimu.

Shemeji yako,
Merritt

*

Burlington, Iowa
Februari 2, 2018

Shemeji Merritt,

Salamu kwako na kwa Fern. Barua nimeipata. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, naamka.

Wanawake wa kanisani walileta vyakula baada ya mazishi. Mabakuli yao bado yako hapa, kumi na manne, kila moja lina jina la mwenyewe chini yake kwenye plasta. Inabidi niyarudishe. Kila asubuhi nasema leo.

Watu wakinitazama naona wanangoja nilie. Sijalia. Umewahi kulalia mkono usiku kucha, ukaamka ukaugusa na wenyewe hauna habari? Ndivyo nilivyo, mwili mzima.

Kuhusu Memphis, acha kwanza nirudishe mabakuli.

Shemeji yako,
Verlin

*

Murphysboro
Februari 10, 2018

Shemeji,

Natumaini hii inakukuta kama ile ya kwanza, unapumua.

Nilitaka kukwambia tukionana, lakini wewe huonekani. Daktari wa macho anasema jicho langu la kulia limeharibika katikati na la kushoto linalifuata. Pembeni naona sawasawa. Ninapotazama ndipo pana ukungu. La kushoto kwa sasa linatosha, barabara naiona, uso wako ndio sitauona vizuri, na hiyo si hasara kubwa.

Leseni yangu inaisha Juni 18, siku ninayotimiza sitini na sita. Kuipata tena lazima nipimwe macho, na nitashindwa. Kwa hiyo, shemeji, sikuombi uwe na furaha. Sikuombi hata uongee. Nakuomba uwashe hiyo pikipiki kabla ya Juni, kwa sababu baada ya hapo mimi sitaendesha tena maishani.

Usimwambie Fern.

Shemeji yako,
Merritt

*

Burlington
Machi 20, 2018

Shemeji Merritt,

Salamu. Pole kwa macho.

Sawa, twende. Sisemi kwamba nataka. Nasema sawa.

Nilikwenda gereji kuiwasha pikipiki yangu, ile Harley, ikakataa. Petroli ya msimu uliopita ilikuwa imelala kwenye tangi majira yote ya baridi. Kila Novemba Loreen ndiye aliyekuwa akitia ile dawa ya kuzuia petroli isioze, kwenye pikipiki zote mbili, na mimi sikuwahi hata kuuliza anaiweka wapi. Kabureta ilikuwa imeziba kwa utando kama wa asali. Nimeisafisha siku tatu. Mikono inaijua kazi hata mwenyewe nikiwa sipo. Sasa inawaka.

Kuna jambo moja. Miaka thelathini alitangulia yeye, mimi nikafuata, wewe ukafunga mkia. Akinyoosha mkono kushoto, nakata kushoto. Njia ya Memphis siijui. Wewe unaijua?

Shemeji yako,
Verlin

*

Murphysboro
Aprili 3, 2018

Kwako shemeji,

Hujambo bwana? Sisi wazima, na barua yako nimeisoma kwa sauti mpaka Fern akatoka bafuni kuuliza nacheka nini. Mimi niijue njia? Nilikuwa natazama taa yako ya nyuma miaka yote hiyo! Wanaume wawili wenye mvi, tumezunguka majimbo kumi na moja, na hakuna kati yetu anayejua tulikopita. Dada alituchunga kama bata.

Nimeuliza watu. Utashuka na barabara ya 61, kando ya mto, Hannibal, St. Louis, mpaka Cape Girardeau. Ukitoka alfajiri, saa nane mchana umefika. Nitakungoja kituo cha mafuta cha mwisho, upande wa kusini mwa mji, Ijumaa, Mei 11. Tutalala New Madrid, na Jumamosi mchana tuko Memphis mezani.

Msafara utauongoza wewe, mwenye macho. Lakini tufanye kama wenzetu wafanyavyo wakifiwa na mwenzao wa barabarani. Kaa upande wa kulia wa njia yako. Upande wa kushoto, pale mbele alipokuwa akikaa, uache wazi. Mimi nitakuwa nyuma. Ni pake, na mtu yeyote asipaingie.

Shemeji yako,
Merritt

*

Murphysboro
Mei 13, 2018

Verlin,

Sikusalimu.

Nilifika pale kituoni saa saba na nusu. Saa nane ikapita, saa tisa, saa kumi. Nikakupigia wewe, hukupokea. Dada wa kaunta akanipa kahawa ya pili bila kunidai, ya tatu akanipa na kiti. Nikapiga simu kwa polisi wa barabara kuu kuuliza kama kuna mzee ameokotwa na Harley nyeusi. Nikapiga hospitali mbili. Mwisho nikampigia Bi Opal, akachungulia dirishani, akasema, "Pikipiki yake iko uani, na yeye mwenyewe namwona anaosha kikombe."

Nilishukuru Mungu kwamba u hai, kisha nikatamani nikunyonge.

Nimerudi nyumbani polepole, magari yote yakinipita. Ile ndiyo ilikuwa safari yangu ya mwisho ndefu, Verlin. Maili arobaini na tano kwenda kituo cha mafuta, na arobaini na tano kurudi.

Merritt

*

Burlington
Mei 29, 2018

Shemeji Merritt,

Salamu kwako na kwa Fern, kama bado mnazipokea. Sina la kujitetea, nakueleza tu ilivyokuwa.

Nilitoka alfajiri. Nilikaa kulia kama ulivyosema, kushoto nikapaacha wazi. Nilipita Hannibal salama. Mbele kidogo njia walikuwa wameifunga kwa matengenezo, wakatugeuzia vijijini, nikafika penye njia panda. Nikasimama. Nikamngoja anyooshe mkono.

Usidhani nilisahau kwamba amekufa. Nilijua. Mwili ndio uliokuwa ukingoja. Gari likapiga honi nyuma yangu, likanipita, dereva akanitukana, na mimi nikabaki pale labda dakika ishirini, injini inanguruma, natazama ile nafasi ya kushoto.

Sikuwa na huzuni, Merritt. Hilo ndilo ningependa ulielewe. Ningekuwa na huzuni ningekuja kwako tulie wote. Sikuwa na kitu chochote, na mtu asiye na kitu hana sababu ya kukata kushoto wala kulia. Nikageuka kwa sababu kurudi nyuma ndiyo njia pekee niliyoijua.

Simu yako niliiona ikiwaka mezani, nikaosha kikombe. Nimekukosea vibaya. Nalijua hilo, lakini hata hilo nalijua kwa kichwa tu.

Shemeji yako,
Verlin

*

Murphysboro
Julai 8, 2018

Shemeji,

Tu wazima. Joto kali. Fern amepata nyanya nyingi, tunawapa hata tusiowapenda.

Walinipima macho. Mama wa ofisini alikuwa mpole, akaniambia, "Jaribu tena huo mstari wa juu, baba, usiharakishe." Mimi sikuona kama kuna mstari. Sasa nina kitambulisho cha kawaida, kile wanachopewa watoto wa shule na wazee.

Pikipiki nimemuuzia daktari wa meno wa Carbondale. Amenunua na jaketi la ngozi, bado linanuka duka. Aliiwasha uani kwetu ikamzimikia mara tatu. Niliingia ndani nisione.

Sikulaumu tena. Nakulaumu kidogo. Kama huna la kusema usijibu, nitaelewa.

Shemeji yako,
Merritt

*

Burlington
Agosti 19, 2018

Shemeji Merritt,

Salamu kwenu wote wawili. Nashukuru kwa nyanya, zilifika mbili zimepasuka, nyingine nzima.

Nimefunga kiti cha nyuma kwenye Harley. Haijawahi kuwa nacho, maana Loreen hakukubali kupakiwa hata siku ya harusi yetu, alikwenda kanisani na pikipiki yake, na gauni amelifunga kiunoni. Kiti ni kipana, kina egemeo.

Nimenunua pia ramani ya karatasi. Nimeiweka mezani naisoma kila asubuhi nikinywa kahawa, kidole juu ya barabara. Kila njia panda nimeiandika. Sasa naijua.

Nitafika kwako Alhamisi, Septemba 13. Ijumaa tunaondoka. Utakaa nyuma yangu. Sijabadilika, nakwambia ukweli, sisikii kitu leo kama ambavyo sikusikia Februari. Lakini wewe unazitaka hizo mbavu na mimi nina macho yasiyo na kazi.

Shemeji yako,
Verlin

*

Murphysboro
Agosti 24, 2018

Kwako shemeji Verlin,

Umepatwa na nini? Mwanamume wa miaka sitini na sita, niliyeanza kuendesha nikiwa na kumi na tano, leo nipakiwe kama gunia la viazi nyuma ya shemeji yangu? Unajua watu wa mji huu walivyo? Watatucheka mpaka Krismasi. Fern amecheka mpaka akakaa sakafuni, akasema, "Umkumbatie vizuri, Merritt, ana tumbo la kutosha."

Sikukumbatii. Nitashika egemeo. Hatupiti mtaa wa kanisani. Na mtu akiuliza, utasema mimi ni mgonjwa wako, unanipeleka hospitali, au wewe ndiye wangu, tutaona nani ana sura mbaya zaidi siku hiyo.

Nitakuwa nimesimama mlangoni tangu saa sita. Usiponitokea safari hii, shemeji, usiniandikie tena kunieleza. Sina msamaha mwingine wa kukupa.

Shemeji yako,
Merritt

*

Burlington
Septemba 20, 2018

Shemeji Merritt,

Hujambo? Mgongo umepoa? Mimi nilifika salama Jumatatu jioni. Mwambie Fern ahsante kwa mkate wa njiani.

Nina mambo mawili ya kukwambia ambayo mdomo ulishindwa.

La kwanza. Pale Memphis mezani uliniuliza, "Tamu?" nikakujibu, "Tamu sana." Nilikudanganya. Nyama ilikuwa moto, iliachia mfupa yenyewe, vile viungo vikavu vilinijaa vidoleni. Sikusikia ladha yoyote, kama vile natafuna mkate mweupe. Nilikutazama ukila, pua karibu na sahani, unapapasa mfupa unaofuata, mashavu yamekung'aa mafuta, nikajiambia basi, tumefika, yameisha, na hakuna kilichobadilika. Nilitaka kurudi nyumbani nikalale.

La pili ni la Jumapili, tulipokuwa tunarudi, pale Arkansas baada ya Blytheville. Lilikuwa jua kali na malori mengi. Nikasikia kofia yako inagonga mgongo wangu. Nikadhani unanitania. Ikagonga tena, kisha uzito wako wote ukaanza kuteleza upande wa kushoto, ule wa malori.

Ulikuwa umelala, mjinga wewe. Usibishe. Ulipoamka uliniambia ulikuwa unawaza.

Nilirudisha mkono wa kushoto nikakushika kifundo cha mkono, nikauvuta mkono wako mpaka tumboni kwangu, nikaubana kwa kiwiko. Niliendesha hivyo maili saba, gia moja, mpaka pa kutokea barabara kuu. Merritt, niliogopa. Niliomba kwa sauti ndani ya kofia, nikamtaja Loreen, nikamwambia huyu hapana, huyu usimchukue. Tuliposimama kunywa kahawa sikuweza kushuka. Uliniuliza nina nini nikasema joto.

Haikuwa joto. Sikuwa nimeogopa tangu siku daktari alipotuita mimi na Loreen chumbani kwake, na hata siku ile nilikaa kama gogo. Inauma, hiyo hofu. Nimekuja nayo mpaka nyumbani, niko nayo hapa jikoni ninapoandika, na bado inauma. Kulia bado sijalia.

Mwakani utakunywa kahawa kabla ya kupanda, na nitakufunga kwangu kwa mkanda, watu wacheke wanavyotaka. Sikuombi. Nakwambia, na nimekasirika.

Shemeji yako,
Verlin